Podikasti ya dakika tano na chupa mbili za maji

Chukua chupa mbili za plastiki. Moja itie maji ya bahari, nyingine maji matamu. Weka kijiko kimoja cha udongo mwekundu katika kila chupa, ziba, tikisa, kisha zisimamishe dirishani. Kabla hujaondoka hapo, andika kwenye karatasi: ipi itatakata kwanza, na kwa nini unadhani hivyo?

Hayo ni maneno ya mwisho ya podikasti ya dakika tano niliyowapelekea wanafunzi wangu wa kemia wa mwaka wa kwanza hapa Malindi, mvua za masika zilipokuwa zimeshika na Mto Sabaki umeanza kumwaga matope yake baharini. Hakuna mtu wa mji huu asiyeujua msimu ule. Maji ya ghuba hugeuka rangi ya matofali, wavuvi hulalamika, na matumbawe ya hifadhi ya bahari iliyotengwa tangu 1968 hupata taabu kwa udongo uliosafiri kutoka bara. Dakika nne za mwanzo zilieleza mambo mawili tu: kwamba chembe za udongo wa mfinyanzi zina chaji hasi, kwa hiyo zinasukumana na kubaki zikielea, na kwamba chumvi ikiyeyuka majini hutoa, pamoja na nyingine, ioni zenye chaji chanya. Vitu hivyo viwili vikikutana inakuwaje, sikusema. Hilo niliwaachia wao.

Siku mbili baadaye mwanafunzi mmoja akaniandikia: "Mwalimu, zangu zote mbili zimetakata sawasawa. Nimekosea wapi?" Nikamuuliza maji matamu aliyateka wapi. Kisimani kwao, akasema, nyumba chache kutoka ufuoni. Sikuongeza neno. Jioni akanitumia ujumbe wa sauti, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeamka: kumbe maji ya kisima chao yana chumvi kidogo, wao huyaita matamu kwa sababu tu si ya bahari. Ioni zilikuwa tayari zimo ndani ya chupa ya pili, zikazifanya chembe za udongo zishikamane na kuzama kama katika ile ya bahari. Mwenzake aliyekinga maji ya mvua, chupa yake ilikuwa bado ina ukungu siku ya pili yake.

Kosa lile la kisima sikulipanga, na nimeamua kutolirekebisha. Kila mwaka nitaacha kusema maji matamu yatoke wapi.

Podikasti zimeanza kuzungumzwa sana miongoni mwetu tunaofundisha sayansi vyuo vikuu, hasa tangu Machi 2020, madarasa yalipofungwa na kila mmoja akatafuta njia ya kumfikia mwanafunzi aliye nyumbani. Wengi wanaozisifu wanazisifu kwa jambo ambalo kwangu ni dogo: kwamba mhadhara sasa unaweza kusikilizwa popote. Mimi nasema mhadhara ukihamia kwenye simu unabaki mhadhara. Thamani ya podikasti fupi iko katika kile inachomdai msikilizaji akishaizima. Isipodai kitu, imepita kama upepo wa kusi dirishani.

Nasema hivyo kwa kuwa nimepita njia ile ya kwanza. Mwanzoni nilirekodi mihadhara mizima ya dakika hamsini, nikaituma yote, nikajihesabu mwalimu wa kisasa. Nilipouliza darasani nani amefika mwisho wa ule wa pili, mikono miwili iliinuka, na mmoja wa wale wawili alikiri kuwa alilala ukiwa unaendelea. Kosa halikuwa la wanafunzi. Niliwapa kitu ambacho hata mimi mwenyewe nisingekisikiliza.

Sauti ina tabia yake. Maandishi yanakungoja, ukikwama mstari wa tatu unarudi wa kwanza, ukurasa haukukimbii. Sauti hupita. Neno la kumi linapofika, la kwanza limeshaondoka, na kazi yote ya kushikilia inabaki kichwani. Na kichwa kina mahali padogo pa kushikilia mambo mapya. Mwanasaikolojia George Miller mwaka 1956 alikadiria saba hivi, kuzidi au kupungua mawili; waliokuja baadaye, akiwemo Nelson Cowan mwaka 2001, wameishusha hesabu hiyo hadi karibu manne. Mhadhara wa kemia humtolea mwanafunzi istilahi mpya nne kabla mhadhiri hajafuta ubao mara ya kwanza. Kwa hiyo ufupi wa podikasti hautokani na uvivu wa vijana wala na mitandao iliyowaharibu, kama wazee wenzangu wanavyopenda kusema. Ni kipimo cha chombo chenyewe. Kwa mwendo wa kusema taratibu, maneno kama 120 kwa dakika, dakika tano ni maneno 600. Ndani ya maneno 600 linaenea wazo moja, mfano wake mmoja na swali moja. Ukilazimisha la pili, yote mawili yanamwagika.

Jina hili, podikasti, ni la juzi. Lilionekana kwenye gazeti la Guardian la Uingereza Februari 2004, katika makala ya Ben Hammersley. Mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, kiliwagawia wanafunzi wake wapya zaidi ya 1,600 kila mmoja iPod yake, kile kifaa kidogo cha kusikilizia muziki na rekodi, dunia ikashangilia. Lakini kufundisha sayansi kwa sauti iliyorekodiwa kuna umri mkubwa kuliko jina lake, na mtu ninayemrudia kila mara si wa enzi ya iPod. Ni mwalimu wa botania, Samuel Postlethwait wa Chuo Kikuu cha Purdue, huko Indiana.

Mwaka 1961 Postlethwait alikuwa na wanafunzi waliokuja chuoni na msingi dhaifu wa biolojia. Akaanza kuwarekodia mihadhara ya ziada kwenye tepu, waisikilize kwa wakati wao. Mpaka hapo alikuwa mahali nilipokuwa mimi na dakika zangu hamsini. Kisha akaona kwamba mwanafunzi anayesikiliza anaweza pia kuwa na kitabu mbele yake, akawaambia walete kitabu. Kisha akaona: kwa nini kitabu, na mmea wenyewe upo? Akaweka mimea mezani, na darubini, na vifaa vya majaribio, na sauti ya kwenye tepu ikaacha kuhubiri ikaanza kuelekeza: shika jani hili, ligeuze, angalia upande wa chini, sasa chora ulichokiona. Sauti ikawa mwalimu aliyesimama begani kwa mwanafunzi mmoja, kwa mwendo wa mwanafunzi huyo. Njia yake ikaenea vyuo vingi. Mashine zake zimekwisha kufa, tepu hazipo, na wazo lake bado lina nguvu kuliko programu nyingi ninazoletewa na wauzaji.

Nilipolisoma jambo hilo nilitazama huku kwetu. Meza ya Postlethwait ilibidi ijazwe na mafundi wa maabara. Mwanafunzi wa Malindi meza yake ni mji mzima. Anayesoma fizikia ana bahari inayojaa na kupwa mara mbili kwa siku mlangoni pake, kila mara ikichelewa kama dakika hamsini kuliko jana yake kwa kuwa mwezi nao umesogea. Anayesoma ikolojia ana msitu wa Arabuko-Sokoke na mikoko ya Mida mwendo wa tuktuk na matatu. Kinachokosekana ni sauti ya kumwambia atazame wapi na ajiulize nini.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa Pwani tunalo mkononi na tunalisahau tukiingia chuo kikuu. Sisi ni watu tuliosomeshwa kwa sikio. Kabla neno chuo halijavaa joho la mahafali, kwetu lilikuwa jina la pale mtoto anapopelekwa kujifunza Qur'ani. Na mwalimu wa chuo hakuridhika hata siku moja na mtoto aliyesikia. Alisoma aya, mtoto akairudisha. Kesho yake asubuhi, kabla ya somo jipya, mtoto alisimama akarudisha la jana bila kutazama. Akikosea alirudi nyuma kwenda kudurusu. Hakuna aliyehitimu kwa kuhudhuria.

Wanasaikolojia wamelipima jambo hilohilo kwa njia yao. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walichapisha jaribio ambalo kundi moja la wanafunzi lilisoma kifungu mara nne, na kundi jingine likakisoma mara moja kisha likajaribu mara tatu kukiandika kutoka kichwani. Baada ya wiki moja waliosoma mara nne walikumbuka asilimia 40 ya yaliyomo. Waliojilazimisha kurudisha walikumbuka asilimia 61. Cha kusikitisha ni kwamba waliosoma tu ndio waliokuwa na imani kubwa zaidi kuwa watakumbuka. Mwanafunzi anayesikiliza podikasti ileile mara nne akiwa amelala kitandani anapata raha hiyohiyo ya kudhani anajua.

Watetezi wa podikasti hupenda kunitajia utafiti wa mwaka 2009 wa Dani McKinney na wenzake, uliofanywa katika chuo cha Fredonia, jimbo la New York. Wanafunzi waliopewa mhadhara wa saikolojia kwa podikasti walipata wastani wa alama 71 katika mtihani, na walioketi darasani wakapata 62. Takwimu hizo ni za kweli na zinavutia. Ila ukisoma mpaka ndani unakuta kwamba waliofanya vizuri kweli ni wale waliosikiliza huku wakiandika notsi, na kwa kurudia. Aliyesikiliza mikono mitupu hakupata faida hiyo. Sauti haikumfundisha mtu. Ilimpa mwenye kalamu nafasi ya kusimamisha mwalimu na kumrudisha nyuma. Na tunajua kwa upana zaidi, kutokana na uchambuzi wa tafiti 225 za masomo ya sayansi, hisabati na uhandisi uliochapishwa 2014 na Scott Freeman na wenzake, kwamba darasa la kuhadhiriwa tu huangusha wastani wa asilimia 34 ya wanafunzi, na darasa linalowatia kazini huangusha asilimia 22. Swali basi ni podikasti iwe upande upi wa hesabu hiyo.

Yapo mambo ambayo sikio halina haki ya kuyabeba. Usisome mlinganyo mrefu kwa sauti. Nimesikia rekodi ya mwenzangu akitamka hesabu ya termodainamiki, alama moja baada ya nyingine, kwa dakika tatu nzima, nikamhurumia yule aliyekuwa anaisikiliza kwenye matatu. Uthibitisho wa hisabati, grafu, umbo la molekuli: hivyo vinahitaji karatasi na macho. Kusikia si kuona, na sayansi imejaa mambo ya kuona. Hata hivyo sauti inaweza kumtuma mtu achore. "Chora umbo la pembe sita zilizo sawa. Kila kona weka kaboni. Sasa hesabu: kila kaboni ina mikono minne, umeshatumia mingapi?" Hapo sikio limeuongoza mkono, na mwanafunzi amefika kwenye benzini, molekuli yenye duara la kaboni sita, akiwa ameijenga mwenyewe.

Kuhusu gharama nitasema kwa ufupi kwa sababu hesabu yake ni rahisi. Sauti ya dakika tano iliyorekodiwa kwa kilobiti 64 kwa sekunde ni megabaiti 2.4. Video ya dakika hizohizo, kwa megabiti moja kwa sekunde, ni karibu megabaiti 38. Kwa mwanafunzi anayenunua bando la siku kwa pesa zilezile za chakula, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama atafungua au hatafungua. Podikasti mia moja, yaani somo zima la mwaka na zaidi, ni megabaiti 240. Zinaenea kwenye kadi ndogo ya memori na zinapita kutoka simu hadi simu bila intaneti.

Kuna wanafunzi wanaotoka Malindi kwenda Kilifi kwa matatu, kilomita kama sitini, Gede, Matsangoni, kisha warudi jioni. Yuko mama wa watoto wawili anayekanda unga wa mahamri alfajiri kabla ya kufungua kitabu. Watu hawa huniambia kuwa wanasikiliza njiani na jikoni, nami nafurahi, lakini nimewawekea sharti. Mara ya kwanza sikiliza popote. Mara ya pili keti, shika kalamu, simamisha pale nilipouliza. Kusikiliza mara moja huku unakwepa mafuta ya moto ni kufahamiana na somo, hujalisoma bado.

Lugha nayo. Mitihani yetu ni ya Kiingereza, na sitamdanganya mwanafunzi kwamba hilo litabadilika kabla hajahitimu. Lakini hakuna kanuni inayonizuia kueleza wazo kwa Kiswahili na kulipa jina la mtihani mwishoni. Kiswahili cha sayansi kipo. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia tangu 1990. Na kwingine hatuhitaji hata kamusi. Nilipofundisha mvuto wa jua na mwezi juu ya bahari kwa Kiingereza, darasa liliandika kimya. Niliporekodi dakika tano juu ya bamvua, bahari inapojaa na kupwa sana, na maji mafu, inapojaa na kupwa kidogo, kijana mmoja alikwenda kumuuliza ami yake mvuvi, akarudi na tarehe za mwezi ambazo mzee huyo huzitumia kupanga safari zake: bamvua mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji mafu katikati yake. Kazi yangu ilikuwa kumwonyesha kwamba maneno ya ami yake na mchoro wa kitabuni wa jua, dunia na mwezi kukaa mstari mmoja ni kitu kimoja. Yule kijana sasa anajua kwamba fizikia ilikuwa nyumbani kwao kabla hajazaliwa. Sijui kiasi gani cha alama kinalingana na jambo hilo, na silijali.

Ninalolijali ni mzigo wa mhadhiri. Podikasti ya dakika tano, ikifanywa kwa heshima, hunichukua karibu siku nzima: kuandika maneno 600, kuyasoma kwa sauti, kukata 100, kusubiri tuktuk zipite na adhana iishe, kurekodi chini ya blanketi upepo usiingie, kisha kuandika nakala yake kwa ajili ya mwanafunzi asiyesikia. Nakala hiyo si hisani. Bila hiyo tumemfungia mtu mlango tukidai tunaufungua. Vyuo vyetu huhesabu saa za kusimama darasani na makala za majarida. Siku hiyo yangu haihesabiwi popote. Wakuu wa idara wanaotaka podikasti kutoka kwa walimu wao waanze kwa kuwapunguzia mzigo mahali pengine, la sivyo watapata kile nilichotoa mimi mwanzoni, dakika hamsini za mtu aliyechoka.

Ninayoiandaa sasa ni ya fizikia, kwa mwenzangu anayefundisha mwendo wa mzunguko. Inaanzia Ngomeni, kaskazini ya hapa, ambako watoto wa shule huoneshwa jukwaa la San Marco lililosimama baharini na kuambiwa kuwa Waitaliano walirusha roketi. Mara nyingi hadithi huishia hapo. Tarehe 12 Desemba 1970, miaka saba kamili tangu uhuru, jukwaa lile lilirusha satelaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kwa kuchunguza miale ya eksi kutoka angani. Marjorie Townsend, aliyesimamia mradi huo upande wa NASA, akaipa jina la Kiswahili: Uhuru. Ilitengeneza orodha ya vyanzo 339 vya miale hiyo, na Riccardo Giacconi aliyeongoza utafiti wake akapata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002. Nimekutana na wanafunzi wa fizikia wa Malindi, waliozaliwa hapa, ambao hawakuwahi kuambiwa hata sentensi moja ya habari hiyo, na iliniuma.

Yote hayo nitayasema kwa dakika moja na nusu. Zinazobaki ni za swali: kwa nini mtu avushe roketi kutoka Marekani aje kuirushia karibu na ikweta, na kwa nini ielekezwe mashariki? Mzingo wa dunia kwenye ikweta ni kilomita 40,075, na dunia hujizungusha mara moja kwa siku. Mwanafunzi atagawanya mwenyewe. Kisha atatafuta kamba na jiwe, atalizungusha juu ya kichwa, ataliachia uwanjani mahali pasipo na watu, na ataandika lilielekea wapi pale kamba ilipomponyoka. Nimeijaribu jana nyuma ya nyumba. Kamba ya mita moja inatosha, jiwe liwe dogo.